Walioniita kwa Sababu ya Kelele

Watu wa Bunia hawamwiti fundi wa paa kwa sababu ya mchwa. Mchwa wakila mbao na vumbi likianguka katika sufuria, wanafunika sufuria na kuendelea kupika. Wanamwita siku wanaposikia kitu usiku. Hapo ndipo paa linapata maana. Mlango wako unagongwa asubuhi kabla hujanywa chai, na mtu mzima mwenye ndevu anakuambia kwa sauti ndogo: "Fundi, kwangu kuna kitu."

Vijana wa atelie, karakana yetu, wameniomba niandike niliyoyaona kazini, kwa kuwa mguu wangu wa kushoto umekataa ngazi, na mimi mwenyewe nimekataa kukaa kwenye kiti nikiwatazama wakipinda misumari. Sijafika miaka hamsini. Ofisini ningekuwa bado kijana, lakini juu ya paa mimi ni mzee. Nitaandika juu ya kelele, maana mambo ya mbao mtajifunza wenyewe. Mkikosea, mbao zitawafundisha. Na ninawaonya mapema kwamba ninaandika nikiwa na hasira. Anayetaka maneno laini amwombe mshona nguo.

Nilitoka Fataki nikiwa nimemaliza sekondari. Kwetu kijana aliyemaliza sekondari alikuwa wa kufundisha au wa kuandika katika ofisi ya zone, yaani ya wilaya, na baba alikuwa amekwisha kunichongea meza. Lakini siku hizo alipita Muzee Ngabu. Alikuwa sharpantie, fundi wa kuezeka, mtu wa kuzunguka kati ya Bunia, Fataki na Bambu hadi Mahagi, akilala pale anapofanya kazi. Baiskeli yake ilibeba msumeno, nyundo, kamba na sufuria moja nyeusi. Nilipoiona ile baiskeli niliipenda kuliko meza. Hadi leo nikisikia mnyororo wa baiskeli unaotaka mafuta, moyo wangu unatoka nje kwenda kutafuta barabara.

Siku yangu ya kwanza Bunia alinipeleka kwa muuguzi mmoja aliyekuwa na nyumba ya manjanja, yaani ya mabati. Nilishika ngazi nipande. Ngabu akanivuta shati.

"Unaenda wapi? Weye ni paka? Kaa chini."

Tukaketi mezani na nyumba nzima. Muuguzi akaanza, akionyesha dari kwa kidole: "Muzee, iko mutu anatembea juu ya plafo."

"Amevaa viatu ao iko miguu tupu?"

Muuguzi alikasirika. "Muzee, haiko mambo ya kucheka."

"Sicheki. Usinielezee. Unipigie. Meza ni hii."

Hiyo ndiyo ilikuwa njia ya Ngabu, na sijaona iliyo bora. Kila mtu wa nyumba alipaswa kupiga mezani kelele aliyoisikia, mmoja baada ya mwingine, hata bibi, hata mtoto. Mtu akieleza, anaeleza woga wake. Akipiga kwa mkono, anapiga kile kilichoingia sikioni. Mke wa muuguzi alipiga moja kubwa, akangoja, akapiga mbili za haraka, kisha akatulia. Ngabu akauliza inaanza saa gani. Tukishamaliza kula, wakasema, baridi ikiingia. Basi. Manjanja hupata joto mchana kutwa na kutanuka. Jioni Bunia inapoa, yanajikunja, lakini msumari uliobanwa sana unayashika. Yanavuta, yanavuta, kisha yanaponyoka: kwaa! Tulipanda, tukatoa misumari, tukapanua matundu kidogo, tukaweka chini ya kila kichwa cha msumari kipande cha mpira wa tairi. Mtu wa plafo akaacha kutembea.

Nilidhani muuguzi atafurahi. Alisimama mlangoni na uso wa mtu aliyenyang'anywa kitu. Baadaye nilijua kwamba walikuwa wamekwisha kuamua kuwa anayetembea ni mama wa mke wake, na kwamba tayari walikuwa wanamtafutia lori la kumrudisha kwao.

Hapo ndipo hasira yangu ilipoanza, vijana. Kila nyumba yenye kelele huwa na mtu aliyekwisha kuchaguliwa. Bibi anayekohoa. Mke wa pili. Mtoto anayekojoa kitandani. Hawakuiti utafute sababu, maana sababu wanayo, inakula mezani pamoja nao. Wanakuita upande, ushuke, useme hakuna kitu, ili waweze kufanya lile walilotaka kufanya tangu mwanzo. Ngabu alilijua hilo, na ndiyo maana kabla ya kugusa ngazi aliuliza swali moja la ziada: "Na mukipata sababu, nani atakasirika?" Walicheka. Yeye alikuwa anatazama nani hacheki.

Nusu ya kelele nilizozitibu zilitengenezwa na mafundi wenzetu, na hili nalo nitalisema bila sukari. Mtu anakata mkaratusi leo, anaupigilia kesho ukiwa unatoa maji. Anasema mwenye nyumba ana haraka. Mti huo utakauka juu ya vichwa vya watu, utajipinda, utapasuka usiku kwa mlio wa bunduki, na chini yake mwanamke fulani atatukanwa mchawi. Fundi wa mbao mbichi yuko wapi wakati huo? Yuko Mahagi, anapigilia nyingine.

Cheko nililipata Fataki. Kuna upepo kule milimani, mnaujua. Mwashi mmoja aliyependa urembo alijenga chupa za bia katika ukuta wa juu, chini ya paa, midomo ikitazama nje. Upepo ukija usiku, ukuta wote unalia kama watu wanaoomboleza. Familia ilifunga kula, ikaomba, ikaita waombaji wa kijiji cha pili. Nilipoziba chupa kwa udongo, mwenye nyumba alinishika mkono. "Fundi, uache moja."

"Ya nini?"

"Wakwe wangu wanapenda kukaa sana."

Niliacha moja. Sijuti.

Kutoka Fataki nilishuka Bambu, peke yangu, Ngabu akiwa amechoshwa na safari. Niliezeka nyumba za wachimbaji, nikakaa kule muda mrefu kuliko nilivyozoea kukaa popote. Bambu ni mahali pa dhahabu, na wakati ule raia hakuwa na ruhusa ya kushika dhahabu hata chembe ya kujaza jino. Aliyekutwa nayo alichukuliwa, na nyumba aliyokutwa ndani yake ilipinduliwa, na waliokuwa ndani walipigwa wote kwanza, maswali baadaye. Lakini mawe yenye dhahabu yalitoka mgodini katika soksi na katika mikate. Usiku, nyuma ya milango, niliyasikia yakitwangwa. Kinu cha chuma, gunia limewekwa chini ili mlio usifike mbali. Tu-tu-tu-tu. Kisha kimya kidogo, mtu anabadili mkono. Tu, tu, tu, taratibu zaidi, maana mkono wa kushoto ni mvivu. Kisha maji: shaaa, shaaa, basani, yaani beseni, linazungushwa ili vumbi liondoke na uzito ubaki chini. Hakuna aliyeniambia ni nini, na mimi sikuuliza. Sikio lenyewe lilijifunza.

Ngabu alikufa nikiwa kule. Nilirudi Bunia, nikachukua msumeno wake. Na ndipo nikaitwa kwenda mtaa wa Mbunya.

Zilikuwa nyumba mbili chini ya paa moja. Ndugu wawili walizijenga pamoja walipokuwa vijana wasio na kitu: ukuta mmoja katikati, boriti ndefu juu, manjanja ya safu moja toka mwanzo hadi mwisho. Mkubwa alikufa kwa homa. Upande wake alibaki mjane, Mama Lotsove, na binti zake. Upande wa pili alikaa ndugu mdogo, ambaye wote walimwita Sukari kwa sababu aliuza sukari, na pia chumvi na sabuni. Nyuma ya duka lake palikuwa na depo, chumba kisicho na dirisha, kilichoegemea jiko la mjane.

Mama Lotsove aliishi kwa sombe. Alinunua majani ya muhogo asubuhi, akayatwanga mchana kutwa, jioni akawauzia sokoni wanawake waliochoka kutwanga wenyewe. Alikuwa na kinu kikubwa, cheusi kwa mafuta ya mikono. Basi majirani wakaanza kusikia kinu usiku.

Kwetu hakuna anayetwanga usiku. Hata msichana mdogo anajua: giza likiingia, mchi unalazwa chini. Anayetwanga gizani anatwanga nini, na nani atakula? Bibi zetu walisema kinu cha usiku ni cha wachawi, na chakula chake hakitoki shambani. Na chini ya paa lile, mwenye kinu alijulikana.

Nilipoitwa, walikuwa wamekwisha kukichoma kile kinu kando ya barabara, mchana, binti zake wakitazama. Usiku uliofuata kelele ikaendelea. Mtu mwenye akili angesimama hapo. Wao wakasema ana kinu cha pili kisichoonekana.

Aliyetaka fundi aitwe ni Muzee Lobo, baba mdogo wa wale ndugu, mkubwa wa ukoo. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu anayependa ubaya ufanywe kwa utaratibu. Alisema kabla ya kumtoa mke wa marehemu katika nyumba ya marehemu, paa litazamwe, isije ikasemwa wameharakisha. Sukari alikubali haraka sana. Paa likiwa zima, mjane na binti zake walikuwa wa kuondoka siku ileile, na nyumba ingekuwa ya Sukari. Ndivyo nilivyoambiwa nikiwa bado nafungua kamba ya ngazi. Ngazi yangu iliitwa kutoa ushahidi.

Mama Lotsove alikuwa ameketi chini karibu na mlango wake. Vitu vyake vilikuwa vimefungwa tayari katika kitambaa, na si yeye aliyevifunga, maana sufuria zilikuwa zimewekwa juu ya nguo safi.

"Fundi," akasema, "usinihurumie. Panda, uangalie, useme yenye utaona."

Nilipanda. Nilikagua boriti, nikakagua mbao moja moja, nikapitisha mkono chini ya manjanja. Mbao zilikuwa kavu, misumari ilikuwa na mpira, hapakuwa na hata kiota cha panya. Paa zuri kama lile ni nadra. Nililichukia.

Niliposhuka, uwanja ulikuwa umejaa majirani. "Paa iko nzima," nikasema.

Sukari akapiga makofi mara moja. "Bon. Mumesikia. Fundi amesema."

"Fundi hajamaliza. Muniletee meza."

"Meza ya nini? Unataka kula?"

"Leta meza, Patroni."

Muzee Lobo akaamuru meza iletwe. Nikawaambia wapige walichosikia, kila mmoja, bila maneno. Muzee Lobo alianza. Tu-tu-tu-tu. Jirani wa ng'ambo akapiga vilevile. Mama Lotsove akainuka kutoka chini, watu wakampisha kama anayebeba moto.

"Miye minaisikia kuliko ninyi wote," akasema. "Iko mu ukuta yangu." Akapiga: tu-tu-tu-tu, akatulia, tu, tu, tu.

Nilijua pale pale. Lakini kujua peke yako si ushahidi. Nikamgeukia Sukari. "Na weye, Patroni? Unalala wapi?"

"Kwa depo. Ninachunga mali."

"Basi uko karibu. Piga."

Akapiga kwa kidole, mara mbili tu, ko, ko, kama mtu anayebisha hodi kwa mdeni.

"Hapana!" watu wakapiga kelele. "Haiko vile!" Mwanamke mmoja akacheka: "Sukari, weye uko na masikio ao uko na mashimo?"

"Niko na usingizi mukubwa," akasema. "Ni kosa?"

Mke wake, Mama Neema, mwanamke mwenye haraka na moyo mweupe, aliona aibu kwa ajili ya mumewe. Alifikiri anamsaidia. "Wacha nipige miye. Yeye anakoroma, hajui kitu." Akapiga vizuri kuliko wote, na kisimamo chake, na mkono wa pili ulio mvivu. Kisha akalaza kiganja mezani, akakizungusha: shaaa, shaaa. "Kiisha inafanya vile. Sawa mutu anatikisa maji mu basani."

Sukari alimshika mkono, akaukandamiza juu ya meza. "Nani amekuuliza maji?"

Uwanja mzima ukageukia ile meza. Si kwamba walielewa. Waliona tu mkono ule.

Sasa nisikilizeni, nyinyi mnaopenda kusema ukweli ni ukweli. Kama ningetaja neno dhahabu pale mbele ya watu, jioni ileile wanajeshi wangefika. Wangempeleka Sukari, sawa. Lakini ukuta wa depo ulikuwa ukuta wa jiko la Mama Lotsove, na wao hawana desturi ya kuuliza upande gani wa ukuta. Wangevunja pande zote mbili, na mle ndani mlikuwa na binti wakubwa. Kwa hiyo nilikuwa nimeshika jibu mkononi na sikuweza kulifungua. Nilisikia hasira ikipanda hadi katika meno. Mwizi alikuwa amejificha nyuma ya shemeji yake, na sasa amejificha nyuma ya woga wangu.

Nikasema kwa sauti: "Hii kelele haiko ya mbao, na haiko ya mulozi. Mulozi hachoki. Huyu anachoka, anabadili mukono. Ni mutu." Kisha nikamwambia Sukari: "Njo unishikilie ngazi huku nyuma."

Nyuma ya nyumba hakungoja niseme. "Unataka nini? Sema."

"Nilifanya kazi Bambu," nikasema.

Uso wake ukawa kama unga.

"Fundi. Ndugu yangu. Nikisema, nakufa."

"Mukaza ndugu yako anafungiwa sufuria, weye unaniita ndugu?"

"Sikusema miye kama iko mulozi. Ni batu walisema."

"Na weye ulileta kiberiti."

Niliambiwa baadaye kwamba kweli, kiberiti cha kuchomea kinu kilitoka dukani kwake. Mimi nilisema tu, kwa kubahatisha, na uso wake ukanijibu.

"Sikia," nikamwambia. "Sema unatwanga chumvi. Sema unatwanga sabuni. Sema unatwanga kichwa yako. Lakini utasema ni weye, utasema mbele ya bote, na utasema sasa. Usiposema, nitasema miye, na nitasema neno lenyewe."

Singelisema. Yeye hakujua.

Alirudi uwanjani akitembea kama mgonjwa. Akamwambia Muzee Lobo kwamba ni yeye, anatwanga mawe ya chumvi ya ng'ombe, na maji ni ya kuosha mchanga.

"Usiku?" Muzee Lobo akauliza.

"Muchana iko wateja, baba."

"Na ulituacha tuchome kinu?"

"Niliogopa mutasema ninachanganya chumvi na mchanga."

Watu wakacheka. Hilo ndilo sitawasamehe hadi nife. Walicheka kwa nguvu, wakapigana mabega. Sukari, bwana! Chumvi! Dakika chache kabla walikuwa tayari kumtupa mwanamke barabarani, na sasa ilikuwa hadithi ya kusimulia penye pombe. Hakuna hata mmoja aliyemtazama yeye. Mama Neema peke yake alikuwa hacheki. Alikuwa anautazama mkono wake.

Muzee Lobo akainua fimbo. "Basi, imekwisha. Mama Lotsove, siye ni watu wa nyumba moja. Fungua vitu vyako. Sukari atakuletea kinu ingine. Tule pamoja."

Mama Lotsove alifungua kitambaa. Alitoa sufuria kwanza, akazipanga chini, akakung'uta nguo zilizochafuka masizi. Alipomaliza hakumjibu Muzee Lobo. Alinijibu mimi, ingawa sikuwa nimeuliza.

"Fundi, hii paa inaweza kukatwa?"

"Kukatwa namna gani, Mama?"

"Katikati. Yangu ibaki yangu."

Muzee Lobo alisimama. "Mwanamke! Hii paa ni ya ndugu wawili. Ukikata paa, unakata ukoo. Unamukata bwana yako mu kaburi."

"Bwana yangu mulimukata wakati mulifunga sufuria zake," akasema. "Miye minataka tu ionekane kwa macho. Fundi, inaweza?"

Paa linaweza kukatwa, vijana, ila si kwa papara, na nitawaambia jinsi ya kufanya maana huenda mtaombwa. Kwanza unasimamisha nguzo chini ya boriti pande zote mbili za mahali pa kukata, usije ukaangusha nyumba mbili kwa kutaka moja. Unatoa manjanja ya safu ya katikati. Unaongeza mbao nzito mwishoni mwa kila upande, iwe bega jipya. Ndipo unakata boriti, kisha mbao za kulalia manjanja, na msumeno uwe mkali, maana mti uliokaa pamoja miaka mingi unabana meno. Mwisho unakunja kingo za manjanja ziangalie chini. Niliacha nafasi ya upana wa mkono ulionyooshwa. Ule ukuta wa katikati uliokuwa wa wote nao tuliujengea mwenzake, ili jiko lake liwe na ukuta wake lenyewe, asisikie tena chochote asichokitaka.

Mtaa wote ulikuja kutazama. Sukari alisimama mlangoni kwake siku zote za kazi, na hakusema kitu, maana kila alipofungua kinywa nilimtazama. Boriti ilipokatika ilitoa mlio ambao ulifika sokoni. Hakuna aliyeniita kuuliza ule ulikuwa mlio wa nini.

Mnadhani mambo yaliisha vizuri. Aliendelea kukaa katika nyumba yake, hilo ni kweli, na binti zake waliolewa wakitokea mlango ule. Lakini sombe yake haikununuliwa tena Mbunya. Chumvi haikumsafisha. Watu walisema, sawa, Sukari alitwanga chumvi, lakini moto bila kuni hauwaki. Akawa anabeba beseni lake hadi soko la mbali, kwa watu wasiomjua.

Mimi nilirudi barabarani. Niliezeka Mahagi, niliezeka Aru, nikarudi, nikaondoka tena. Kisha, miaka ya themanini ilipoanza, serikali ikafungua mlango: raia anaruhusiwa kuchimba dhahabu, kununua, kuuza. Nilipita Mbunya nikaona Sukari ameweka mizani ndogo juu ya meza yake ya duka, mahali pa sukari. Kila mtu akaelewa ghafla kilichokuwa kikitwangwa. Je, walikwenda kwa Mama Lotsove kumwomba radhi? Walikwenda kwa Sukari kumwuliza bei. Walimsifu. Eti mtu aliyeona mbali. Kwa mwizi ilipatikana sheria ya kumtoa kosani, tena mchana na muhuri juu yake. Kwa yule aliyeitwa mchawi, hakuna aliyeandika hata mstari.

Nilianguka Mahagi, kwenye paa la shule, kwa sababu ya mbao mbichi ya fundi mwingine. Mguu ulipona vibaya. Nilipokuwa nagawa vyombo vyangu kwa vijana, Sukari alikuja na pikipiki, amenenepa, amevaa miwani ya jua.

"Fundi! Mon vieux, muzee wangu! Nina kazi moja ya mwisho kwako."

"Nimeacha."

"Kazi ndogo tu. Ile nafasi ya katikati. Mvua inaingia pale, inapiga ukuta yangu, udongo inabomoka. Depo yote iko na maji. Tufunge paa sawa vile ya zamani. Manjanja nitaleta miye, mbao nitaleta miye." Akashusha sauti, akatabasamu. "Mambo ya zamani, siye wote tulikuwa tunajificha, eh?"

"Mama Lotsove hakuwa anajificha," nikasema.

"Yeye amezeeka. Atakubali. Uende weye, atakusikia weye."

Nilikwenda, si kwa ajili yake. Nilitaka kuona kazi yangu. Nilikwenda na fimbo, polepole, nikamkuta Mama Lotsove nyuma ya nyumba yake, nywele zimekuwa nyeupe, anachambua majani. Alinipa kiti. Tuliongea juu ya binti zake, juu ya mguu wangu. Manjanja yake hayakuwa na kutu. Upande wa pili, ukuta wa Sukari ulikuwa umelika hadi matofali yalionekana kama meno, na juu ya depo mawingu ya Mbunya yalikuwa yanajikusanya.

Nikamfikishia ujumbe, neno kwa neno, na yale manjanja, na zile mbao, na kwamba ukuta unabomoka.

Alisikiliza hadi mwisho. Akachagua jani, akaligeuza, akalitupa lililokuwa bovu.

"Umuambie," akasema, "mvua inyeshe."